Namba ya Nyaloka

Rozi,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu namba yako ya simu sijaifuta, na kila nikianza kukuandikia huko kidole hukimbilia kutuma. Mara moja kilituma kweli. Ujumbe ukabaki na tiki moja, na mpaka leo ni hiyo moja. Kwa hivyo nimechukua karatasi za ofisini, zile zilizochapwa orodha za katoni za sabuni upande mmoja, nikaja nazo nyumbani. Naandika kwa nyuma. Najua ungeniambia nitafute karatasi safi. Hizi ndizo nilizo nazo.

Niko Huruma bado, ghorofa ile ile ya nne. Wamejenga nyumba nyingine mbele yetu. Lile dirisha ulilokuwa ukisimama mbele yake Jumapili asubuhi ukipanda kunichukua, ukitazama nguo za majirani kwenye kamba ujue upepo umeamkaje, sasa linatazama ukuta. Taa nawasha hata mchana.

Nikupe habari za kwenu kwanza. Akinyi wako alirudi chuoni. Alikuwa amesema hatarudi, baba yake akamkalisha chini, akarudi. Baba Akinyi mwenyewe bado anaendesha basi la shule. Kwaya ameacha. Nikimuuliza anasema koo. Amekuwa mtu wa kufua mapazia, Rozi. Kila mwezi anayashusha yote, yawe machafu yasiwe, anayaloweka kwenye lile beseni lako la bluu. Sijui anatafuta nini humo.

Nyaloka nayo, ile mashua yetu, iko Buruburu. Mwezi mmoja baada ya mazishi alikwenda kuichukua bwawani kwa lori la rafiki yake, akasema hawezi kuiacha huko peke yake. Imelala kifudifudi kwenye uwanja wa nyuma, kati ya tangi la maji na ukuta, na kuku wa jirani wanataga chini yake. Rangi imeanza kubanduka upande wa jua. Nilitaka kumwambia aifunike turubai. Sikusema. Mimi si mtu wa kumwambia Baba Akinyi namna ya kutunza mashua yako, na sababu unaijua.

Nimefika kwenye sababu mapema kuliko nilivyotaka. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Nimekuwa nikikumbuka siku uliyosimama katika mkutano wa kina mama kanisani, baada ya sala ya kufunga, ukasema una tangazo. Ukasema baba yako, aliyekuwa akitunza mashua za klabu kule bwawani, nyuma ya mashamba ya mkonge, amestaafu, na mzungu mmoja aliyekuwa akiondoka nchini amemwachia mashua ya mbao yenye matanga mawili, na baba amekupa wewe, na sasa unatafuta mtu wa kukaa mbele ashike kamba za tanga dogo. Kina mama walicheka mpaka mchungaji akachungulia mlangoni. Mimi niliinua mkono. Nilidhani ni mambo ya maonyesho ya Krismasi. Mtu wa Makueni, mahali ambapo maji huja kwa punda, nitajuaje kama unasema mashua ya kweli?

Siku ya kwanza nilikaa nimeshika ubao kwa mikono miwili. Ukasema, "Mwende, hiyo mbao haitatoroka. Shika kamba." Miaka tisa uliniambia hayo. Shika kamba, acha kutazama ndege. Shika kamba, utaimba tukifika. Kuogelea sikuwahi kujua vizuri na wewe ulijua, na kila Jumapili ulinivuta mikanda ya jaketi la kuokolea mara mbili, kama ulivyowavuta sweta wale watoto uliowafundisha nasari.

Mashua zilikuwa kumi na nne wakati huo. Kumi na nne zote majini kwa pamoja, hakuna mbili zinazofanana. Ya Bwana Mulwa ndefu na nyepesi. Ya Kilonzo, yule mchongaji wa vinyago, aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe. Na yetu, nzito kama kabati. Kwa nini mtu ashindane na Mulwa akiwa ndani ya kabati? Ndipo ukanifundisha handikapu. Kila mashua ina namba yake, ukasema. Nzito hupewa namba kubwa, nyepesi hupewa ndogo. Mbio zikiisha, muda uliotumia unagawanywa kwa namba yako, na atakayebaki na muda mfupi ndiye mshindi, hata kama alifika nchi kavu wa mwisho. Ukaona sijaelewa, ukarudi kwenye nasari yako. Ukasema siku ya michezo wale wadogo kabisa unawaanzishia pale kwenye bembea, na wale wakubwa unawarudisha mpaka getini, ili wakifika kwenye utepe kila mtu awe amekimbia kweli. Hapo nikaelewa.

Unakumbuka tuliposhinda mara ya kwanza? Tulifika wa mwisho. Watu walikuwa wamekwisha kuvua viatu, wanakula, hata hakuna aliyekuja kutusaidia kuivuta mashua. Tulikaa pembeni tumelowa. Katibu wa wakati ule akasimama na karatasi yake akasoma, wa kwanza, Nyaloka. Wewe ulikuwa na chapati mdomoni. Ukageuka kutazama nyuma yako, kana kwamba kuna Nyaloka nyingine. Nilicheka mpaka nikalia. Njiani kurudi, tulipoingia barabara ya Jogoo, ukasema polepole, "Kumbe mzee wangu hakunipa takataka."

Hiyo ndiyo Rozi ninayoitaka. Lakini lazima niandike na ile nyingine.

Yule katibu alipohamia kwao Kitui, mimi ndiye niliyepewa kazi. Karani wa kiwanda, anajua hesabu, si mpinzani wa mtu. Wewe ndiye uliyenipendekeza. Nikawa mtunza namba za mashua zote, pamoja na yetu. Mbio tulikimbia pamoja, na tukifika nilikausha mikono nikakaa na kikokotoo kumpangia kila mtu nafasi yake. Mwaka wa kwanza hakuna aliyesema lolote, kwa sababu hatukushinda kitu.

Halafu ukaja ule msimu. Sijui ulikuwa na nini. Ulikuwa umekonda kidogo, ukasema ni kwa sababu ya mfungo. Lakini pale kwenye usukani ulikuwa mtu mwingine. Uliuona upepo kabla haujafika. Tulishinda Jumapili ya kwanza, tukashinda ya pili, ya tatu tukashinda kwa sekunde kumi na moja. Na watu wakaanza kunong'ona. Tulikuwa tumebaki mashua tisa, na katika mashua tisa mnong'ono hausafiri mbali kabla ya kukufikia. Mulwa, mwenyekiti, alisema mbele yangu akitabasamu, "Anayegawa nyama hakosi mnofu." Wakacheka. Wewe ulikuwa unaosha matope kwenye mashua, hukusikia. Mimi nilisikia, nikaenda nayo nyumbani, nikalala nayo wiki nzima.

Kanuni yetu unaijua. Mashua ikishinda mara tatu mfululizo, katibu anaipunguzia namba, ishirini au arobaini, kadiri anavyoona. Nilipiga hesabu Jumatano, nikapiga tena Ijumaa. Kila nilipopiga, ishirini ilitosha. Ishirini ilikuwa haki. Karatasi ilikuwa mbele yangu na jibu lilikuwa hapo.

Nikaandika arobaini.

Niliandika arobaini ili Mulwa anyamaze. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta mwaka mzima. Niliona heri nikukate wewe zaidi ya haki, kwa sababu wewe ni wangu utanielewa, kuliko watu wawili watatu waniite mwizi. Na ningeweza kuja kwako kwanza. Kutoka Huruma hadi Buruburu si safari. Ningekaa jikoni kwako, ningekuambia, Rozi, kesho nitasoma hivi, niombee. Sikuja. Nadhani nilijua kwamba nikikuambia uso kwa uso utaniuliza swali moja tu, "Kwa nini arobaini?" na sikuwa na jibu.

Jumapili ile nilisimama kwenye kibanda, watu wamenizunguka na vikombe vya chai. Ulikuwa unafunga jaketi lako. Nikasoma, Nyaloka, kutoka elfu moja mia moja themanini, hadi elfu moja mia moja arobaini. Mikono yako ikasimama. Ukanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Ukasema, "Arobaini?"

Nikasema, "Kanuni ni kanuni, Rozi." Kwa sauti, ili wote wasikie.

Mulwa akatikisa kichwa kukubali. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahia kile kichwa.

Ulilifungua jaketi. Ukalikunja vizuri, ukaliweka kwenye benchi, ukamwambia Kilonzo kichwa kinakuuma, ukaenda kukaa kwenye gari mpaka Baba Akinyi aliporudi kutoka kutembea. Sikukufuata. Nilikuwa na saa ya kupimia mkononi, nikajiambia kuna kazi. Siku mbili baadaye ukaniandikia, "Tafuta mwingine wa kwenda naye majini. Mimi nimechoka." Nikajibu, "Sawa." Neno moja. Nililitazama likienda, tiki mbili, za bluu. Uliliona.

Kisha nikanyamaza miezi mitano. Kanisani nilihamia ibada ya pili ili nisikutane nawe ya kwanza. Niliposikia watu wakikutaja, kwamba Mama Akinyi amekonda, nilisema labda ni presha. Niliposikia Mama Akinyi amelazwa, nilikaa kitandani na viatu miguuni mpaka kukapambazuka.

Nilikuja wodini Jumatano. Mama yako alikuwa amefika kutoka Siaya, amekaa na chupa ya uji mapajani. Kutoka getini mpaka kitandani kwako nilikuwa nimeshika sentensi moja tu, nimeishika kama nilivyoshika ule ubao. Nikaingia, mama akanisalimu, akaanza kulalamikia kunde za Nairobi, kwamba hazina ladha, kwamba zinanyweshwa maji ya mtaro. Na sisi tukaongea kunde. Tuliongea kunde nusu saa, Rozi. Ulicheka mara moja. Ulinitazama mara mbili, ukingoja, na mara zote mbili nikamgeukia mama nikamuuliza kuhusu ile mboga nyingine, osuga. Kengele ya wageni ikalia. Nikasema, "Nitarudi Jumamosi."

Ukasema, "Uje."

Jumamosi tulihesabu bidhaa kiwandani. Hiyo ni kweli. Lakini tulimaliza saa saba, na Jumapili nzima ilikuwa yangu, na Jumatatu jioni pia. Ulituacha Jumanne asubuhi.

Watu wa mtaa walisema, twende matanga kwa Mama Akinyi, na mimi kila nikisikia neno hilo nilikuwa naona yale mengine, yetu, yanapigwa na upepo. Nilipanga viti. Niliosha vikombe. Nilijua kwamba nikisimama nitalazimika kuongea na mtu. Kule nyumbani kwenu Siaya waliniita niseme neno kwa niaba ya wenzako wa mashua. Nilisema kwamba miaka tisa hatukuwahi kuachana, wewe usukani na mimi kamba, mpaka siku ya mwisho. Nilisema hivyo kandokando ya kaburi lako. Watu wakaitikia. Mama yako akanikumbatia, akaniita mwanangu. Baba Akinyi alikuwa anatazama chini. Alijua. Hakusema kitu.

Alisema mwezi wa pili mwaka huu. Nilikuwa nimempelekea unga wa wimbi, nikamkuta nyuma, anakamua mapazia. Hakuacha kukamua. Akasema, "Mwende, ile Jumapili ya bwawani mlikosana nini? Rozi aliniambia nusu."

Nikamwambia yote. Mulwa, mnofu, ishirini na arobaini. Niliongea nimesimama mbele ya Nyaloka kama mtu aliye kizimbani. Alianika pazia la kwanza, akaanika la pili, akakaa juu ya ndoo.

Akasema, "Majibu ya daktari yalitoka Alhamisi ya wiki ile. Mimi nilitaka tukae nyumbani Jumapili. Akakataa. Akasema anataka kukuambia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, na atakuambia mkiwa majini, kwa sababu huko hakuna wa kuingilia."

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji iliyolowa.

Nilimuuliza kama ulikufa umenikasirikia. Nilitaka aseme hapana. Wewe unamjua mume wako. Alifikiri, akasema, "Sitakudanganya. Alikasirika. Alirudia zile hesabu zako pale mezani, zaidi ya mara moja. Akasema ishirini ingekuwa haki, hata yeye angeandika ishirini. Akasema hizo nyingine ishirini ni za kuwaonyesha watu." Kisha akasema, "Lakini Jumamosi ile alimwambia mama amchane nywele, kwa sababu Mwende anakuja."

Akaniletea chai. Tulikunywa. Nikaondoka.

Kwa hiyo ulijua. Siku zote nilikuwa najifariji kwamba angalau hukujua ile sehemu mbaya zaidi, kwamba ulidhani ni kanuni tu. Na wewe uliijua tangu wiki ile ile, ukalala nayo wodini, ukachanwa nywele ukaningoja.

Sikwenda bwawani Jumapili tatu. Hakuna aliyenikosa sana. Mashua zilikuwa zimebaki tano. Maji yamepungua, matope ya ufukweni yanafika magotini, na magugu yameziba ile pembe ya mashariki tuliyokuwa tukigeukia. Siku nyingine tano hazifiki, wanakuja watatu, wanatazamana, wanakunywa chai, wanarudi. Mulwa anasema vijana hawapendi maji. Nilianza kujiuliza kama ni vijana. Mashua kumi na nne, na kati ya wenyewe kumi na nne sikuwahi kumzika yeyote ila wewe. Wengine wako wapi? Wako Umoja, wako Kayole, wako hapa hapa. Nilitoa orodha za miaka ya nyuma nikaenda mlango kwa mlango kama mtu wa kuhesabu watu. Mmoja ameuza mashua. Mmoja mgongo. Mama mmoja wa Umoja hakunifungulia, alisema dirishani tu kwamba yeye hana neno na klabu.

Kilonzo nilimkuta kwenye banda lake, anapiga msasa twiga. Aliacha kuja wiki chache baada ya wewe kuacha. Nilidhani ni barabara mbaya. Akasema, "Mimi niliona mlivyomfanyia Rozi. Nikasema, kama huyo alikuwa mtu wa ndani na amesomewa mbele yetu kama hukumu, mimi wa pembeni nitafanyiwa nini?" Hakusema kwa hasira. Alisema akipuliza vumbi. "Namba unaweza kunipa yoyote, dada. Mimi ni mtu mzima. Lakini uje uniambie."

Mkutano wa mwaka tuliufanya kule kwenye kibanda, watu saba. Ilipofika zamu ya katibu nilisema nina sahihisho moja. Nikasema, mwaka jana niliikata Nyaloka arobaini. Hesabu ilisema ishirini. Nilikata arobaini kwa kuogopa maneno, nikijua si haki, na nilimsomea mwenzangu hadharani jambo nililopaswa kumwambia nyumbani kwake. Naomba namba ya Nyaloka iandikwe elfu moja mia moja sitini.

Mulwa alikuna kidevu. Akasema, "Katibu, hiyo mashua haiko majini. Mwenyewe hayupo. Unabadilisha namba ya nini?"

Nikasema, "Kwa sababu ile iliyoandikwa ni ya uongo."

Hakuna aliyepinga, hakuna aliyeunga mkono. Mmoja alitazama simu. Wakasema endelea. Nikaiandika mwenyewe, nikatia sahihi, na orodha ikabandikwa mlangoni. Nilikuwa nimefikiri nikishafanya hivyo kifua kitafunguka. Hakikufunguka. Nilipanda gari la Kilonzo tukarudi mjini, na kufika Donholm nilikuwa nalia kwa namna ile ile.

Mama yako pia nilimpigia. Nilimwambia kwamba yale niliyosema kaburini hayakuwa kweli, kwamba tuliachana kabla, na kosa lilikuwa langu. Akasema, "Nilikuwa nashangaa kwa nini hukuja ile Jumamosi." Basi. Akaniaga kwa adabu. Hakuniita tena mwanangu.

Kilonzo amerudi. Kwa hiyo tuko sita. Mimi nakaa mbele kwenye mashua yake, nashika kamba. Hanikemei kama wewe, ananiachia mpaka nigundue mwenyewe. Hatuongei sana. Jumapili moja upepo ulikufa katikati ya bwawa tukakaa karibu saa nzima, tanga limelegea, maji rangi ya chai, na nikafikiri kwamba hapa ndipo ungeniambia. Ungesema nini kwanza? Ningekujibu nini? Kilonzo aliniona nimeinama, akageuka akatazama ng'ambo.

Na sasa kuna hili, ndilo lililonikalisha niandike leo. Kilonzo ameshinda mara tatu mfululizo. Mimi niko ndani ya mashua yake, na mimi ndiye katibu. Mulwa ameshaanza. Juzi aliniuliza, kwa lile tabasamu, kama nimepata usukani mpya wa kunishindisha. Watu wakacheka. Ni wachache kuliko zamani lakini kicheko ni kile kile, na nilihisi ile hofu ya zamani ikinipanda, haijazeeka hata kidogo. Nilidhani imekufa pamoja nawe. Haikufa.

Nimepiga hesabu jana, nikapiga tena leo. Ishirini.

Kwa hiyo ninachokuahidi ni hiki, Rozi, na si kikubwa. Kesho Jumamosi nikitoka kazini nitapita kwenye banda la Kilonzo, nimwambie namba yake kabla ya mtu mwingine kuisikia, na nimwonyeshe nilivyoipata. Akitaka kukasirika anikasirikie hapo. Na Jumapili Mulwa akisema lake, nitasoma ishirini, na nitabaki nimesimama pale mpaka wamalize kucheka. Nitafanya hivyo kwa kila mtu, mlango kwa mlango, muda wote nitakaoshika karatasi hizi, hata tukibaki mashua mbili.

Msamaha siwezi kukuomba, kwa sababu hakuna namna ya kunijibu, na sitaki kujijibu kwa niaba yako. Nilikukosea nikiwa na akili zangu. Ulinisubiri, nami sikuja. Nimeyaandika ili yawe yameandikwa mahali, kwa mkono wangu.

Kalamu inaisha wino na karatasi zimebaki mbili. Pumzika, dada yangu. Sitakutumia hii. Nitaikunja niiweke ndani ya Biblia, na kesho nikatafute turubai, nimpelekee Baba Akinyi, nimuulize kama ataniruhusu kuifunika Nyaloka.

Ni mimi,
Mwende